Kengele ya Babu Iliyolia Mara Mbili

Itale, kwa Bundala,
Njia ya Zamani ya Misafara,
Posta ya Tabora.
19 Septemba, 1954.

Mpendwa Kaka Lugembe,

Shikamoo. Nimeiweka shikamoo hii mwanzoni kabisa, nami naomba uiitikie sasa hivi kabla hujasikia zaidi. Tukifika katikati ya barua huenda marahaba ikakukwama kooni, na mimi nitakuwa nimekwisha kuipata.

Bwana Abbasi, karani unayemsomea ndugu yangu barua zake, salaam aleikum. Nakuomba usiruke mstari hata mmoja kwa huruma. Soma kama ilivyo.

U hali gani huko Tanga, kaka? Kidole kilichochomwa na mwiba wa mkonge kimepona? Mwaka jana ulituletea habari kwamba kimevimba kama muhogo, kisha ukanyamaza, na sisi huku tumekaa na kidole chako kilichovimba tangu Pasaka. Tuambie kiliishaje.

Sisi hatujambo, kwa kadiri ya watu wa mwezi wa tisa. Mvua bado, vumbi tele, ng'ombe wanatutazama kana kwamba sisi ndio tuliofungia mawingu. Dada yetu Imakulata amejifungua mtoto wa kike. Kanisani ameitwa Bernadeta, nyumbani anaitwa Ngollo, ili kila upande uridhike. Mtoto mwenyewe haitiki kokote. Mke wangu Flavia hajambo na anakusalimu, ila hasemi nami sana siku hizi. Sababu utaiona.

Mama yako Minza yu hai.

Nimeliwekea neno hilo mstari wake peke yake ili moyo wako usikimbie. Yu hai na anatembea. Macho yake yameingia ukungu: anajua mchana, anajua kivuli cha mtu, lakini sura haioni tena. Barua hii yote ni habari yake yeye na kosa langu mimi, ila nitaanza mbali kidogo, kama mtu anayemzunguka nyoka.

Tangu mwaka juzi, kila kiangazi, Wazungu wa mjini huja Itale siku ya Jumapili kutembea. Usiulize wanakwenda wapi. Hawaendi popote. Huacha motokari yao darajani, wakafuata ile njia ya zamani ya misafara, wakapanda kilima chetu, wakala mikate juu ya mwamba, wakaitazama nchi, wakarudi walikotoka. Babu yetu Bundala aliifuata njia ile ile miezi mitatu mpaka pwani, pembe ya ndovu begani, akalipwa vitambaa. Hawa huifuata kwa muda wa saa tatu tu, mikono mitupu, na wakimaliza wanashukuru.

Walitaka mtu wa kuwaongoza, ingawa njia yenyewe hata mbuzi anaijua. Mimi nina Kiingereza changu cha kuokota, nilichokipata kwenye makaratasi ya kufungia sabuni na kwenye gazeti moja lililokosa kurasa za mwisho, nikajitokeza. Ujira hasa hakuna. Hunipa sukari, kofia iliyochoka, na karatasi nzuri kama hizi ninazoandikia. Yaani hata toba yangu nimeiandika juu ya karatasi yao.

Mwanzoni niliwaambia kweli tupu. Lakini kweli ya njia ile ni fupi: watu walipita, wengine walirudi. Mgeni akiisikia huitikia kwa kichwa, kisha anaanza kutazama ndege. Nikaanza kuirefusha. Yale mashimo kwenye mwamba, bibi zetu walipokuwa wakisaga uwele, nikasema wapagazi walinolea mikuki pale kabla ya vita. Siku hiyo waliinama wote kuyapapasa. Baba mdogo Shilinde alipopata habari aliniita.

"Hilari, mwamba ule umekusagia uji wa utoto wako. Leo umekuwa wa vita?"

Nikamjibu kwamba uji hauwezi kuwatoa watu mjini siku ya mapumziko. Akatema tumbaku, akasema nitakuja kukisaga kitu kingine kwenye mwamba ule. Sikuuliza ni kitu gani. Nilikuwa nimevaa kofia mpya, na mtu mwenye kofia mpya haulizi.

Basi mwaka huu akaja bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu. Jina lake ni refu na linaishia puani, kwa hiyo hapa anaitwa Bwana Ndevu. Si mtu mbaya. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane alikuja na mkewe na rafiki zao watatu, akaniambia anataka kujua mpagazi alisikia nini mwilini. Kusimuliwa hakumtoshi, anataka kubeba. Nikatafuta gogo la mninga lenye urefu wa pembe kubwa, nikamviringishia ngata, nikamtwika begani pale darajani.

Ungekuwepo, kaka! Mnyamwezi yuko mbele na fimbo yake, Mzungu yuko nyuma na gogo, jasho linamtoka mpaka ndevu zinachuruzika. Tulipopita kisimani wanawake waliacha ndoo zao.

"Hilari, huyo umempata wapi? Niazime aniletee kuni!"

"Mtue, baba! Akikufia hapa, bomani utasema alikuwa anabeba nini?"

Bwana Ndevu akauliza wanasema nini. Nikamwambia wanasifu nguvu zake. Akanyoosha mgongo na kwenda mbio zaidi.

Nacheka ninapoandika hapa, na naona aibu kucheka, kwa sababu baada ya kisima njia inapinda nyumbani kwetu.

Kaka, kengele unaijua kuliko mimi, lakini Bwana Abbasi haijui, na msomaji asiyejua anachosoma hukisoma vibaya. Kwa hiyo naieleza. Bwana Abbasi, babu yetu alifunga kengele ya chuma kwenye pembe aliyobeba, ili wenzake wa nyuma wasipotee porini. Aliporudi mara ya mwisho alileta ile kengele tu. Tangu hapo imetundikwa kwenye kibanda chake cha kumkumbuka, nyuma ya nyumba. Padri akipita, kibanda kile huwa ni cha kuku. Padri hajawahi kuuliza kuku wenyewe wako wapi, naye ni mtu mwenye akili, kwa hiyo nadhani tunaelewana.

Mtu wa nyumba yetu akiondoka kwenda mbali, huvuta kamba ya kengele mara moja kwa mkono wake mwenyewe. Akirudi, huivuta mara mbili kabla hajaingia mlango wowote, na mama yake humtokea na kata ya maji yaliyokorogwa unga mweupe, akamwosha vumbi miguuni. Kati ya mlio ule wa kwanza na ile miwili, mtu huyo yuko njiani, hata akikaa miaka mahali pamoja. Kila asubuhi mama yake hutia ncha ya unga mlangoni mwa kibanda ili njia imsikilize. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa ile kamba.

Wewe uliivuta mara moja, mwaka wa arobaini na sita. Nilikuwepo. Mama mkubwa Minza ametia unga asubuhi zote tangu siku ile, za mvua na za njaa, hata mwaka ule tulipokula mizizi na unga wenyewe ulikuwa wa kuomba.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Niliwapeleka nyuma ya nyumba. Hawakuniomba. Nilikwisha kuwaonyesha mwamba wa uongo na makaburi ya kubahatisha, na yule memsabu, mkewe Bwana Ndevu, aliniuliza kwa upole kama hakuna kitu chochote cha kweli kilichobaki kutoka nyakati zile. Neno hilo liliniuma. Nikataka kumwonyesha kwamba ninacho. Nikamwonyesha cha kweli.

Nikawaeleza yote. Mara moja ni kuondoka, mara mbili ni kurudi. Nilieleza vizuri sana. Sijawahi kueleza kitu vizuri kama siku ile. Bwana Ndevu alikuwa amechelewa nyuma na gogo lake, akafika tukiwa tumeizunguka kengele, akasikia maneno ya mwisho. Akacheka, akasema basi na yeye msafara wake umefika. Akanyoosha mkono.

Nilikuwa na nafasi ya kumzuia. Tusidanganyane. Mkono wake ulikuwa umechoka, ulikwenda polepole, na mimi nilikuwa karibu kuliko kamba yenyewe. Lakini memsabu alikuwa anatabasamu, wageni wote walikuwa wanatabasamu, na mimi pia nilikuta nimetabasamu. Akavuta mara mbili, kwa mpangilio, jinsi nilivyomfundisha.

Mama mkubwa alikuwa kwenye kivuli cha nyumba yake, anamenya karanga. Nilisikia ungo ukianguka.

Alipiga kigelegele. Kaka, mwanamke yule hajapiga kigelegele tangu arusi ya Imakulata, na siku ile alipiga kidogo tu kwa sababu wewe hukuwepo. Hiki kilitoka chini. Akaja bila fimbo, anapapasa ukuta kwa bega, kata mkononi, maji yanamwagika na unga unamchirizika kwenye kiwiko. Aliona kivuli kirefu kilichobeba mzigo, akakifuata. Akapiga magoti mbele ya Bwana Ndevu.

"Mwangaluka, baba," akamwambia.

Na yeye, kaka, akajibu, "Mwangaluka." Mimi ndiye niliyemfundisha, pale darajani, kwa sababu wageni hupenda kujua neno moja la salamu yetu.

"Sauti imekauka," mama mkubwa akasema. "Ni vumbi la mkonge hilo." Akaanza kumwosha miguu. Alikuta buti. Akazipapasa, akacheka peke yake. "Umekuwa mtu wa viatu, mwanangu." Akaziosha buti zile, moja kisha nyingine, kwenye kamba na kwenye visigino, na Bwana Ndevu amesimama wima na gogo begani, hapumui, anadhani ndiyo desturi nami nimemwandalia. Nyuma yangu nikasikia picha inapigwa.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa pale pale. Kiswahili ninacho, Kinyamwezi ninacho, Kiingereza cha sabuni ninacho, na katika lugha zote tatu sikupata neno.

Halafu mama mkubwa akanyanyuka, akaupapasa mkono wa Bwana Ndevu. Wenzetu hawa wana manyoya mikononi. Vidole vyake vikasimama. Vilisimama muda wa mtu kusema Baba Yetu nusu. Kisha akaurudisha ule mkono mahali pake taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, akageukia upande niliokuwa bila mtu kumwambia nipo wapi.

"Hilari," akasema, "mgeni wako amechoka. Mtue mzigo, umpe maji ya kunywa."

Akarudi nyumbani kwake kwa kupapasa ukuta. Nilimtua mgeni, nikampa maji.

Kesho yake asubuhi mama mkubwa alitoka na kibuyu cha unga, kama kawaida. Akafika katikati ya uwanja, akasimama, akarudi ndani. Kesho kutwa yake vivyo hivyo. Siku ya nne hakutoka. Nilimwendea baba mdogo Shilinde, nikapiga magoti, nikamwomba aitengue ile milio, aseme haihesabiki kwa sababu aliyevuta si wa kwetu. Alifikiri tangu kiamshakinywa mpaka ng'ombe wanakwenda kunywa maji. Akasema kengele haiangalii rangi ya mkono. Imelia mara mbili na mama ameosha miguu; aliyeondoka amefika. Hatujui kumwombea njia mtu aliyefika. Na kama hayupo nyumbani na hayupo njiani, basi hana mahali, na mama yake hana pa kumtilia unga. Atakayeiweka sawa ni Lugembe peke yake, kwa miguu yake.

Tangu hapo mama mkubwa anakula uji vijiko vitatu, anasema umetosha. Flavia humpikia hiki na kile, anarudi na bakuli limejaa. Juzi alilitua mbele yangu akaniambia, "Umemfundisha Mzungu kurudi nyumbani. Ndugu yako hukumfundisha." Ndiyo neno refu kuliko yote aliyoniambia mwezi huu.

Bado kuna kibaya zaidi, nami nikikiacha toba hii itakuwa na tobo. Memsabu aliniletea ile picha. Ni nzuri. Mama yako amepiga magoti, maji yanang'aa, buti zinang'aa. Nyuma ya picha memsabu ameandika kwamba ni ibada ya kale ya kumkaribisha msafiri. Wakawaonyesha wenzao, na Jumapili iliyofuata walikuja wageni kumi na mmoja, wakaniuliza kwa adabu ile ibada ya miguu huanza saa ngapi. Niliwaambia haipo. Lakini kabla sijasema haipo, nilifikiri. Nilifikiri labda Imakulata angekubali kuifanya, mara moja kwa mwezi. Wazo lile lilikaa kichwani mwangu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai yao. Nilipoweka kikombe chini nilijiogopa. Nimeacha kuwaongoza. Njia wanaiona wenyewe.

Jumatano nilimwendea mama mkubwa, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Alisikiliza huku anachambua maharage kwa vidole, mabovu huku, mazima huku, hakukosea hata moja. Nilipomaliza hakunilaumu. Ningependa anilaumu, lawama ina mwisho. Aliniuliza kitu kimoja.

"Yule mgeni wako, ana mama?"

Nikasema sijui.

"Muulize. Kama anaye, mwambie aende akamwone."

Kaka, hapo nikamwambia na jambo lako. Nisamehe. Usidhani mkonge hauna mdomo: wanaorudi kutoka huko wametuletea habari za mke wa Kibondei na watoto wawili, na sisi watu wazima tumekuwa tukimficha mama yako kwa sababu tulidhani ndilo linalokuzuia, na tulidhani litamuumiza. Kumbe anajua tangu mwaka wa hamsini. Aliuliza tu kama watoto wanakula ugali au wamezoeshwa ndizi. Kwa hiyo kama ulikuwa umejificha nyuma ya jambo hilo, toka. Hakuna anayekutafuta huko. Wote tunatazama njiani.

Sasa mzigo mdogo alioubeba mleta barua. Yeye ni Dionis, jirani yetu wa ng'ambo ya kisima, anakuja huko kwa mkataba. Ndani ya kitambaa cha kaniki kuna kipande cha chuma. Ni ulimi wa kengele ya babu. Niliung'oa jana mchana mbele ya baba mdogo Shilinde, kwa ruhusa yake. Sasa kengele imetundikwa ikiwa kimya, na hata mwenye ndevu za aina gani akivuta kamba haitasema kitu. Ukivutwa na mkataba, ukivutwa na nyapara, ukivutwa na aibu, kumbuka kwamba ulimi uko mfukoni mwako. Uje uutie mwenyewe, uvute mara mbili. Kisha, ukitaka, univute na mimi masikio mbele ya watu. Nitainama ili usichoke.

Msalimie sana shemeji yangu ambaye sijamwona, na wanao. Waambie wana baba mdogo anayejua kusimulia, ila wasiamini habari za mikuki. Baba mdogo Shilinde anakusalimu. Imakulata na kichanga chake wanakusalimu. Flavia anakusalimu kuliko anavyonisalimu mimi. Bwana Abbasi, Mungu akulipe kwa sauti yako.

Mungu awatulize wakubwa wa kazi wakupe ruhusa, na babu Bundala, aliyewarudisha wengi kutoka pwani kwa mlio, akurudishe na wewe.

Neno la mwisho, kaka. Usikikung'ute kitambaa unapokifungua. Niliuacha ulimi juu ya kinu jana jioni, na leo asubuhi nilimkuta mama yako ameutafuta kwa kupapasa, anaufunga mwenyewe. Hakuwa na pa kutia unga tena, akautia humo. Kile cheupe utakachokiona kwenye mikunjo si vumbi la safari.

Wako akupendaye, aliyekukosea,

Hilari